Kupima kumbukumbu kwa mwenye kifafa cha panjani

Si kila kifafa humwangusha mtu akatoka povu. Kipo kinachoanzia kwenye lobu ya panja, sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio, moja kila upande. Mwenyewe huduwaa, akatafunatafuna na mdomoni hamna kitu, akafinyafinya nguo yake, kisha dakika mbili zikipita hajui kilichotokea. Kwetu Majengo utaambiwa ana jini. Na hata siku ambayo hakushikwa, husahau, kwa sababu ndani ya lobu hiyo mna hipokampasi, kijisehemu kilichopindika mfano wa farasi wa baharini, ambacho huyatia akilini mambo mapya yakakaa.

Kumpima ni kutafuta kumbukumbu inapotea hatua ipi. Mpwa wangu alipopimwa nilikaa nyuma yake. Alisomewa maneno 15, akaambiwa ataje anayoyakumbuka, na orodha ikarudiwa mara 5. Mara ya tano alitaja 11. Ikaja orodha nyingine ya kumchanganya, na baada ya nusu saa akaulizwa ile ya kwanza: manne tu. “Ndoo ilikuwemo?” Akatikisa kichwa kukataa. Ilikuwemo. Angeitambua, tungesema imo ndani ila kuitoa ndiko kugumu. Kutoitambua, na mara ya tano alishataja 11, kunaonyesha maneno yaliingia, hayakuhifadhiwa.

Kisha alinakili mchoro wenye mistari mingi, baadaye akauchora bila kuuona. Kwa watu wengi maneno hutegemea zaidi upande wa kushoto. Maumbo huhusishwa na wa kulia, ingawa ushahidi wake si imara vile.

Haya huwa mazito pale upasuaji unapofikiriwa. Mwaka 1953 huko Marekani, Henry Molaison alikatwa sehemu ya ndani ya lobu hiyo pande zote mbili ili kifafa kitulie, na hadi alipofariki 2008 hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za maisha yake. Siku hizi hupimwa kwanza. Anayefanya vizuri ndiye mwenye mengi ya kupoteza, kwani sehemu inayotaka kukatwa bado inafanya kazi.

Lugha nayo naisisitiza sana. Mtu wa Kibokoni akisomewa maneno ya Kiingereza, kinachopimwa ni Kiingereza chake. Na kutafsiri tu hakutoshi: neno la silabi moja kule, “bell”, huku huwa “kengele”, na “mwezi” ni wa mbinguni na pia ni wa kalenda. Orodha itungwe kwa Kiswahili, ijaribiwe kwa watu wazima wa afya wa hapahapa.

Mwambieni mpimaji kama usiku alishikwa, kama hakulala, kama ana huzuni, na dawa anazomeza, maana fenobabitali, dawa ya kifafa, huweza kuipunguzia akili kasi. Tena wapo wanaofaulu baada ya nusu saa, wiki ikipita hawana hata neno. Hao huonekana wazima kwenye karatasi, na nyumbani hawaikumbuki harusi ya Jumapili iliyopita. Ombeni aulizwe tena baada ya siku 7, hata kwa simu.