Bambo Likichomwa Juu Tu

Mnunuzi wa mahindi anayeijua kazi yake hamwagi gunia zima. Analichoma kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, analichomoa, punje zinateremka kiganjani, bei inatajwa. Lakini mtazame vizuri: huchoma juu, ubavuni na chini. Anayechoma juu peke yake huondoka na kile muuzaji alichotaka akione.

Sampuli ya utafiti ndiyo bambo hilo. Kwa sensa ya 2019, Kaunti ya Lamu ilikuwa na watu 143,920. Ukitaka kujua kama wana maji ya kutosha huwezi kuwauliza wote, kwa hiyo kazi ni kuamua utachoma wapi. Mwanafunzi wetu wa kawaida husimama gatini asubuhi akawauliza watu 100 wa mwanzo. Amewapata wachukuzi, manahodha na abiria wa Mokowe. Bibi wa Siyu na mkulima wa Witu hawamo, na hata akiongeza wafike 1,000 bado hawatakuwamo.

Wingi haukomboi uteuzi mbaya. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura milioni 10 hivi, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza kuwa Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka kwenye orodha za wenye simu na magari, na isitoshe waliojibu walikuwa wachache kuliko walionyamaza.

Dawa yake ni uteuzi nasibu, na nasibu si ovyo. Maana yake kila kaya ina nafasi ya kuchaguliwa, nafasi inayojulikana. Ukiwa na orodha ya kaya 4,000 nawe wataka 400, piga kura kati ya 1 na 10. Ikitoka 7, chukua ya 7, ya 17, ya 27, hadi mwisho. Tatizo ni kuipata hiyo orodha. Mara nyingi haipo, ndipo huchaguliwa kwanza vijiji au maeneo ya kuhesabia, kisha kaya ndani yake. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulifanywa hivyo: maeneo 1,692, kila moja kaya 25. Nauli hupungua, ila majirani hufanana, hivyo kaya 25 za kijiji kimoja hazikufunzi mengi kama kaya 25 zilizotawanyika.

Kisha kuna matabaka, yaani kuwagawa watu mafungu kabla ya kuchagua. Lamu Mashariki ilikuwa na watu 22,258, Magharibi 121,662. Ukigawa watu 400 kwa uwiano, Mashariki inapata 62 tu. Kwa kaunti nzima jibu lako litayumba kama asilimia 5 huku na huku. Kwa Mashariki peke yake, 12. Anayetaka kuisemea Mashariki achukue 200 huko, yumbo lishuke hadi 7, halafu apunguze uzito wa majibu yao anapojumlisha kaunti. Na kupunguza yumbo kwa nusu kunataka sampuli mara nne, jambo ambalo wafadhili hawapendi kulisikia.

Lakini hesabu yote hii huharibikia mlangoni. Mwaka mmoja tulitoa orodha safi kabisa. Mdodosi mmoja, kila alipokuta mlango umefungwa, aliingia kwa jirani. Karatasi zilijaa mapema, tukampongeza. Baadaye tukashangaa mbona wavuvi ni wachache hivyo katika mji wa wavuvi. Nyumba zilizofungwa saa nne asubuhi ndizo zilizokuwa zao.

Sasa agizo letu ni kurudi mara tatu kwa saa tofauti, moja iwe baada ya swala ya Magharibi. Asipopatikana, karatasi huandikwa “hakupatikana”, na jirani huachwa apumzike.