LSU 2019: Watu watano wakitoka kwa pamoja

Nikipokea kikosi kipya cha vijana wa sekondari hapa Houston, siku ya kwanza huwa nawaonyesha tukio moja lilelile la mpira wa miguu wa Kimarekani, ule wa kubeba na kurusha mpira kwa mikono. Ni Septemba 7, 2019, mjini Austin. LSU, timu ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, wako mbele ya timu ya Chuo Kikuu cha Texas 37–31, na zimebaki kama dakika mbili na nusu. Ni jaribio la tatu, na kwa kuwa walikuwa wamerudishwa nyuma, zinatakiwa yadi 17. Makocha wengi hapo wangekimbiza mpira katikati ili saa iendelee kula dakika. LSU wakarusha. Texas walituma watu wengi kumvamia Joe Burrow, kwotabeki wa LSU, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Akasogea hatua chache, akauachia mpira ukamfikia mpokeaji wake, Justin Jefferson, naye akamaliza yadi 61 hadi tachidauni, yaani kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la wapinzani. Mechi ikaisha 45–38.

Mama mmoja wa Bukavu, ambaye mwanawe namfundisha, aliwahi kuniuliza kwa nini mchezo huu unasimama kila baada ya sekunde chache. Nilimweleza kwamba timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na kila jaribio ni kama mpira wa kona: watu wanajipanga upya, kila mmoja ana kazi yake, na mlinzi anajaribu kubashiri kinachokuja. Akaelewa mara moja. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitumia mfano huohuo.

Na ni kujipanga huko kunakonifanya nipende kuuchambua msimu ule wa LSU. Ukiuliza watu watakutajia Burrow, na wana haki: pasi 60 za tachidauni, yadi 5,671, tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Lakini mwaka mmoja kabla yake, kijana huyohuyo, kwenye timu hiyohiyo, alirusha pasi 16 tu za tachidauni. Kilichobadilika zaidi, kwa macho yangu, ni mpangilio.

Kwa miaka mingi LSU walikuwa timu ya kukimbiza mpira na kutegemea ulinzi. Wakikutana na Alabama, mahasimu wao, walikwama: 10–0 mwaka 2016, 29–0 mwaka 2018. Januari 2019 kocha mkuu Ed Orgeron, mzaliwa wa Louisiana, akamchukua Joe Brady, kijana wa miaka 29 aliyekuwa msaidizi kwenye timu ya kulipwa ya New Orleans Saints. Brady na Steve Ensminger, kocha mzee aliyekuwa akichagua mbinu ya kila jaribio, wakaanza kuwatoa wapokeaji watano, yaani watu wa kukimbilia pasi, kwa mpigo.

Hebu tulitazame hili kwa karibu. Kwa kawaida kwotabeki ana mkimbiaji kando yake, anayeweza kupokea mpira mkononi au kumkinga. LSU walimwondoa mtu huyo wakampeleka pembeni kabisa mwa uwanja. Burrow anabaki peke yake, mbele yake wakiwa watu watano tu wa kumkinga. Ni hatari: adui akituma watu sita, mmoja atapita bila kuguswa. Lakini angalia upande wa pili. Mlinzi mwenye mwili mkubwa, aliyezoea kukaa katikati akisubiri kumkaba mkimbiaji, sasa inabidi aamue. Akimfuata mkimbiaji hadi pembeni, katikati panabaki wazi, na Burrow ameshajua kwamba kila mlinzi amepewa mtu wake. Asipomfuata, basi wanalinda maeneo. Yote hayo Burrow ameyasoma kabla mpira haujaanza kuchezwa. Hapo pasi inatoka haraka, yule wa sita akifika hakuna cha kukamata.

Mkimbiaji mwenyewe alikuwa Clyde Edwards-Helaire, mfupi, imara kama kigingi. Alikimbia yadi 1,414 msimu ule na bado akadaka pasi 55. Novemba 9 huko Tuscaloosa alifunga tachidauni nne, LSU wakaifunga Alabama 46–41 baada ya kufungwa nao mara nane mfululizo. Kwangu yeye ndiye aliyeufanya mfumo ule uwezekane, maana mlinzi hakuwahi kujua kama anakutana na mkimbiaji au mpokeaji.

Desemba 28, siku ya nusu fainali ya ubingwa wa vyuo dhidi ya Oklahoma mjini Atlanta, mke wa mtoto wa Ensminger alifariki katika ajali ya ndege huko Lafayette. Ensminger alipanda kwenye chumba cha makocha juu ya uwanja akafanya kazi. Burrow alirusha tachidauni saba kabla ya mapumziko. Matokeo 63–28. Mechi hiyo siwezi kuitazama kama mchambuzi tu.

Fainali ikachezwa Januari 13, 2020, kwenye Superdome, New Orleans, dhidi ya Clemson waliokuwa wameshinda mechi 29 mfululizo. Clemson walijaza walinzi nyuma, wakabadilisha sura yao kila jaribio, na kwa muda LSU walisuasua hadi wakawa nyuma 17–7. Yale aliyozoea Burrow kuyasoma kabla ya mpira kuchezwa yalikuwa yamefichwa. Jawabu halikuwa mbinu mpya. Walimtafuta mpokeaji Ja'Marr Chase kila alipobaki na mlinzi mmoja, na Chase akamaliza na yadi 221. Kabla ya mapumziko ikawa 28–17, mwisho 42–25. Mechi 15, ushindi 15.

Miezi michache baadaye wachezaji 14 walichaguliwa na timu za kulipwa, Brady akaenda Carolina Panthers. Msimu uliofuata LSU walishinda mechi tano, wakafungwa tano. Vijana wangu wakiniomba tuige mfumo ule mzima, nawaonyesha kwanza dakika zile za mwanzo dhidi ya Clemson, nawaambia wamtazame Burrow macho yake yanakwenda wapi.