Je, wajua ni kwa nini benki hubebeshwa mkopo ambao afisa wake aliutoa kwa siri?

Tarehe 4 Agosti 1989, wapelelezi wa FBI wakiwa pamoja na wakaguzi wa mabenki waliingia katika ofisi za tawi la Banca Nazionale del Lavoro jijini Atlanta, katika jimbo la Georgia nchini Marekani. Benki hiyo ya Kiitalia, inayojulikana kwa kifupi kama BNL, ilikuwa ikimilikiwa kwa sehemu kubwa na serikali ya Italia, na tawi lake la Atlanta lilikuwa dogo. Hata hivyo ilibainika kwamba tawi hilo lilikuwa limeikopesha Iraq zaidi ya dola bilioni 4, na kwamba sehemu kubwa ya mikopo hiyo haikuingizwa katika vitabu rasmi vya hesabu, bali iliwekwa katika kumbukumbu za pembeni. Meneja wa tawi aliitwa Christopher Drogoul. Makao makuu ya Rome yalisema kwamba hayakuidhinisha mikopo hiyo wala hayakuwa na habari nayo.

Mtu asiyezoea mambo ya mabenki anaweza kudhani kwamba kauli hiyo ingetosha kumaliza shauri: aliyetoa mkopo bila ruhusa na aubebe mwenyewe. Sheria haiendi hivyo, na sababu yake inaonekana vizuri zaidi tukitazama fedha zenyewe zilitoka wapi na kwenda wapi.

Waliokopeshwa walikuwa mabenki. Drogoul alitia saini mikataba minne ya mikopo ya muda wa kati na Benki Kuu ya Iraq, yenye thamani ya dola bilioni 2.155 kwa jumla, na mikopo mingine ilikwenda kwa Rafidain, benki ya biashara ya serikali ya Iraq, kwa ajili ya kununulia ngano na mazao mengine ya Marekani. Lakini tawi la Atlanta halikuwa na amana za kutosha kukopesha mabilioni. Fedha hizo lilizikopa katika soko la fedha baina ya mabenki, ambamo benki moja huikopesha nyingine kwa siku chache au hata kwa usiku mmoja, bila rehani, kwa kuamini jina tu. Kwa hiyo afisa mmoja alisimama katikati ya mikopo ya aina mbili. Upande mmoja alikuwa mkopaji kwa jina la BNL, na upande wa pili alikuwa mkopeshaji kwa jina hilohilo.

Benki haina mkono wa kutilia saini. Hutenda kupitia watu. Ndiyo maana sheria ya uwakala hutenganisha mamlaka halisi, yaani yale ambayo mwajiri amempa afisa kwa kweli, na mamlaka ya kuonekana, yaani yale ambayo mwajiri, kwa maneno au kwa mwenendo wake, amewafanya watu wa nje waamini kwamba afisa huyo anayo. Kanuni hii ilifafanuliwa kwa makini katika kesi ya Freeman & Lockyer, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 1964, nayo imo pia katika sheria za Marekani na katika Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo imefuata mfano wa Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Benki inapomkabidhi mtu tawi, ikampa cheo cha meneja na kumwacha afanye biashara na mabenki mengine miaka nenda miaka rudi, imekwisha kuuambia ulimwengu kwamba saini yake ni saini ya benki. Waraka wa ndani unaomwekea kikomo haumfungi mtu ambaye hakuwahi kuuona.

Kanuni hiyo ina mpaka. Katika kesi ya Armagas dhidi ya Mundogas, mwaka 1986, Bunge la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lilishikilia kwamba afisa hawezi kujipa mamlaka kwa kujisifia tu kuwa anayo. Ni lazima imani ya mtu wa nje itokane na kitu alichokifanya mwajiri. Hata hivyo miaka michache baadaye, mwaka 1993, Mahakama ya Rufani ilikutana na shauri gumu zaidi la benki iliyoitwa Hungarian International Bank. Meneja mwandamizi wa ofisi yake ya Manchester alikuwa amemweleza mteja waziwazi kwamba yeye hana uwezo wa kuidhinisha mkopo, kisha baadaye akampelekea barua inayoonyesha kwamba mkopo umekubaliwa, ilhali makao makuu hayakuwa yameukubali. Mahakama iliifunga benki kwa barua hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu mwenye cheo kile, hata kama hana uwezo wa kuidhinisha, anaonekana kuwa na uwezo wa kutoa taarifa kwamba wakubwa wameidhinisha, na si haki kumtaka kila mteja apige simu makao makuu kuhakikisha.

Tukirudi Atlanta, mabenki yaliyokopesha tawi la BNL yalikuwa katika nafasi imara kabisa. Yalikopesha benki ya serikali ya Italia kupitia tawi lake halali, na hayakuwa na wajibu wa kuuliza fedha hizo zingetumikaje. Kwa maoni yangu, hapa hata sheria haikuhitajika sana, kwa kuwa benki inayokana deni la usiku mmoja lililochukuliwa na tawi lake haitapata mkopeshaji kesho yake.

Upande wa Iraq ulikuwa na utata zaidi, kwa sababu mamlaka ya kuonekana humlinda tu yule anayeamini kwa nia njema. Aliyejua kwamba afisa anavuka mipaka, au aliyeona dalili ambazo mtu makini asingezipuuza, hawezi kujificha nyuma ya cheo cha afisa huyo. Lakini hoja ya kwamba mkataba ni batili ina manufaa tu kwa fedha ambazo bado hazijatoka. Kwa zile zilizokwisha kutoka, mkopeshaji anataka alipwe, mkataba uwe halali au usiwe. Tarehe 2 Agosti 1990 Iraq iliivamia Kuwait, vikwazo vikafuata, malipo yakakoma.

Ndipo ukaja mgogoro ambao mimi nauona kuwa mzito kuliko yote. Sehemu ya mikopo ya mazao ilikuwa na dhamana ya shirika la Wizara ya Kilimo ya Marekani, Commodity Credit Corporation, iliyoahidi kulipa asilimia 98 ya deni la msingi kama mkopaji wa ng'ambo angeshindwa. BNL ikaidai Marekani dhamana hiyo. Je, alichokijua Drogoul kihesabiwe kuwa kilijulikana na benki? Kwa kawaida ujuzi wa wakala huhesabiwa kuwa ujuzi wa mwajiri wake, isipokuwa wakala huyo alipokuwa akimhujumu mwajiri mwenyewe. Kama Rome ilidanganywa, ilistahili kulipwa. Kama ilishiriki, dhamana ilikuwa hatarini.

Serikali ya Marekani ilijikuta imebanwa na maneno yake yenyewe. Hati ya mashtaka ya Februari 1991, yenye makosa 347, ilimshtaki Drogoul kwa kuihadaa BNL, maana yake Rome ilikuwa mwathirika. Jaji Marvin Shoob, aliyesikiliza kesi hiyo mwanzoni, hakushawishika kwamba meneja wa tawi aliweza kufanya yote hayo bila wakubwa kujua, naye alijitoa katika kesi mwaka 1992. Tume ya Seneti ya Italia nayo iliona kwamba haikuwa kazi ya mtu mmoja.

Drogoul, ambaye awali alikiri makosa na kisha akakana, alikiri tena makosa 3 mwaka 1993 na kuhukumiwa kifungo cha miezi 37. Shauri la dhamana halikufika kwenye hukumu. Mwaka 1995 Marekani ilikubali kuilipa BNL dola milioni 400 ili kulimaliza, na kwa hiyo hakuna mahakama iliyolazimika kuamua kama Rome ilijua.