Msitu wa hifadhi maana yake nini?

Juzi nimesikia tena redioni: "wananchi wavamia hifadhi." Habari yenyewe ni akina mama waliokutwa na matita ya kuni. Hifadhi ipi? Haikutajwa, utadhani zote ni moja.

Kwa ufupi, msitu wa hifadhi ni msitu uliotengwa kisheria ili utunzwe. Basi. Neno "usiguswe" hamna humo.

Hifadhi ni neno la Kiarabu, la mzizi ule ule uliotupa hafidhi, yaani aliyeihifadhi Kurani moyoni. Huyo hakuufungia msahafu kabatini. Anasoma kila siku, maana akiacha itampotea. Na si lazima twende Uarabuni. Wasukuma wana ngitili: eneo la malisho linafungwa masika, linafunguliwa kiangazi nyasi zikishakwisha kwingine. Wanafunga ili baadaye mifugo ipate kula. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza Shinyanga mwaka 1986 kurudisha miti, uliegemea desturi hiyo hiyo.

Kinachoniudhi zaidi ni kuchanganya hifadhi ya taifa na msitu wa hifadhi. Hifadhi ya taifa, kama Udzungwa, ina sheria yake, na ni kali. Msitu wa hifadhi uko chini ya Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002, ambayo inatambua misitu ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Wa kijiji mwenyewe ni kijiji, chenye kamati yake na sheria zake ndogo. Kule Duru-Haitemba, Babati, serikali ilikusudia kuuchukua msitu uwe wake. Wanavijiji wakakataa, na miaka ya 1990 wakaachiwa waulinde wenyewe. Wakaulinda. Kwao ule ulikuwa maji, mizinga ya nyuki, dawa, kuni na malisho ya mwaka wa ukame, na mtu halali usingizi ghala lake likiibwa. (Wapo pia wenye tambiko msituni, na hao huwa wakali kwa mkata miti kuliko bwana misitu.)

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, ukikuta mama ametoka msituni na tita la kuni kavu, kabla ya "amevamia" uliza kwanza ni msitu wa nani, na kibali au sheria ndogo za pale zinasemaje. Huenda siku ile ilikuwa zamu yake ya kuokota.