Je, damu uliyotoa kupimwa kisukari inaweza kuchunguzwa kwa jambo lingine?

Muuguzi anakutoa damu, anabandika lebo kwenye kichupa, nawe unaondoka umekandamiza pamba mkononi. Majibu yakishatoka, kile kichupa huenda wapi? Kikiwa ni cha utafiti, chaweza kulala kwenye friza la maabara miaka na miaka. Na ndani yake mna vinasaba vyako, yaani DNA, vyenye habari za mama yako, ndugu zako na hata watoto ambao bado hujawazaa.

Wahavasupai, kabila dogo la wenyeji wa asili wa Marekani, waliyajua haya kwa uchungu. Kijiji chao, Supai, kiko ndani ya korongo la Grand Canyon, gari halifiki, na barua hadi leo hupelekwa kwa nyumbu. Kisukari kilikuwa kikiwaandama vibaya. Kuanzia mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona wakaja kutafuta kama kina mzizi katika jeni zao, na watu wapatao 100 wakanyoosha mikono kutolewa damu.

Mwaka 2003, Mhavasupai mmoja aliyesoma chuoni hapo alihudhuria utetezi wa tasnifu ya uzamivu (PhD). Akagundua kwamba inayozungumzwa pale ni damu ya watu wake, na kisukari hakitajwi. Akauliza: mliomba ruhusa? Baadaye ikajulikana kwamba damu hiyo ilitumika pia kuchunguza ugonjwa wa akili wa skizofrenia, kuoana kwa jamaa wa karibu, na kabila hilo lilitoka wapi. Hili la mwisho liliwachoma zaidi. Mapokeo yao yanasema asili yao ni korongoni humo; watafiti wakaandika kwamba wazee wao walihamia kutoka Asia.

Chuo kilijitetea kwa fomu ya ridhaa, ambayo ilitaja kwa upana magonjwa na matatizo ya tabia. Mimi naona utetezi huo ni dhaifu: mtu aliyeambiwa kwa mdomo "kisukari" aliridhia kisukari. Kabila lilikishtaki chuo, ila kesi haikufika kwenye hukumu. Mwaka 2010 chuo kilikubali kuwalipa watu 41 jumla ya dola 700,000 na kurudisha damu iliyobaki, na wajumbe wa kabila wakaenda wenyewe kuichukua.

Sheria za nchi nyingi sasa zinashika kanuni moja: kilichochukuliwa kwa kazi fulani kifanye kazi hiyo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za jenetiki kuwa nyeti, na inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo lililotajwa wazi, zisitumiwe kwa jambo lisilopatana nalo.

Marekani nako, kanuni zilizoanza kufuatwa kikamilifu mwaka 2019 zinataka fomu imweleze mtoaji kama sampuli yake, ikishaondolewa utambulisho, huenda ikatumika katika utafiti mwingine. Ila mwanya upo hapohapo: jina likishafutwa kabisa, kwa kawaida mtafiti hahitaji kurudi kuomba ridhaa upya. Kwa mkazi mmoja wa jiji la mamilioni, kufutiwa jina ni kinga ya kweli. Kwa kabila la watu mia kadhaa, jina la mtu linafutwa, la kabila linabaki kwenye lebo, na kitakachoandikwa juu ya damu ile kitawahusu wote, hata wale ambao hawakutoa tone.