Nyutrino si bomu, na supakondakta si wa basi la Masasi

Umakondeni mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Kijana niliyemfundisha fizikia aliposema anataka kusomea nyutrino na mashine za kuongezea kasi chembe, aliyekuja barazani kwangu Mikindani hakuwa baba yake. Alikuja mjomba, na hoja zake nimezisikia kwa watu wengi mno.

"Hiyo si kazi ya mabomu, Mwalimu?" Hapana. Nyutrino ni chembe isiyo na chaji na yenye uzito mdogo ajabu. Mwanafizikia Wolfgang Pauli aliiwaza mwaka 1930 ili hesabu za nishati zikae sawa. Clyde Cowan na Frederick Reines wakainasa mwaka 1956 kando ya kinu cha nyuklia huko Marekani. Nadhani hicho kinu ndicho kilicholeta maneno ya bomu.

"Basi mionzi yake itammaliza." Ukucha wa kidole gumba chako, mjomba, unapitiwa na nyutrino kama bilioni 65 za Jua kila sekunde. Hata usiku: Jua likiwa upande wa pili, zinaipenya dunia nzima na kukutokea chini ya mkeka. Hazidhuru kwa kuwa karibu hazigusi chochote.

Dhana ya tatu, kwamba wanachimba kitu, ndiyo niliyoipenda. Huku kusini mtu akichimba shimo refu, anatafuta gesi, au madini, au mifupa ya dinosaria kama Wajerumani kule Tendaguru. Wanasayansi wa nyutrino wanashuka mgodini wasichimbe kitu. Wanataka mwamba juu ya vichwa vyao uzuie chembe nyingine zinazomiminika kutoka angani, zisije zikawavurugia kipimo. Ray Davis alishuka karibu mita 1,500 katika mgodi wa dhahabu wa Homestake, South Dakota, akaweka tangi la lita 380,000 za dawa ya kufulia nguo bila maji. Mara chache nyutrino hugonga klorini iliyomo, ikageuka argoni. Davis akawa anaokota atomi za argoni, chache za kuhesabika, ndani ya tangi hilo zima!

Akapata theluthi moja tu ya nyutrino za Jua alizotarajia. Akarudia, ikatoka ileile, karibu miaka 30. Wengi walimwona mtu aliyekosea kuhesabu. Kumbe nyutrino hubadilika aina zikiwa njiani, na tangi lake liliona aina moja tu. Super-Kamiokande, tangi kubwa la kunasia nyutrino huko Japani, ilionyesha mabadiliko hayo mwaka 1998, na mgodini Sudbury, Kanada, wakayathibitisha kwa nyutrino za Jua zenyewe. Davis alipewa Nobel mwaka 2002, akiwa na miaka 88. Mjomba aliguna aliposikia huo umri.

Kwamba Afrika haimo, si kweli. Mwaka 1965 nyutrino zinazozaliwa angani zilinaswa katika mgodi wa dhahabu karibu na Johannesburg, zaidi ya kilomita 3 chini ya ardhi.

Tukafika kwenye supakondakta wa zile mashine za kuongezea kasi chembe, ambaye si yule anayening'inia mlangoni akiita "Masasi, Masasi!" Hii ni metali inayopoteza ukinzani wote wa umeme ikipozwa sana; niobiamu, mojawapo ya metali hizo, inahitaji kushuka chini ya nyuzi 264 hasi. Mjomba akadaka: "Umeme wa bure!" Gharama imehamia kwenye ubaridi tu. Gesi ya Songo Songo ukitaka iwe kimiminika unaipoza hadi nyuzi 162 hasi, na hiyo tayari ni kazi ya mabilioni. Mashine hizo za chembe hufanya kazi karibu na nyuzi 271 hasi, kwa heliamu. Mwaka 2008 kiungo kimoja kibovu cha umeme kule CERN, maabara ya chembe ya Ulaya, kilivujisha tani kadhaa za heliamu, na mashine ikasimama zaidi ya mwaka.

Fani hizo mbili zinakutana: maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, wanajenga mashine ya namna hiyo ili itengeneze nyutrino na kuzirusha kilomita 1,300 ndani ya mwamba, mpaka mgodi uleule wa Davis.

"Kwa hiyo," mjomba akasema taratibu, "kazi yenyewe ni kungoja, na kuhakikisha friji haivuji?"

Nikakubali, kwa sehemu kubwa.

"Basi aanze na friza ya samaki ya mama yake. Inavuja tangu Ramadhani."