Kapil Dev kabla ya Kombe: kijana aliyeomba chapati zaidi

Mtaje Kapil Dev mbele ya mtu yeyote anayefuatilia kriketi, naye atakutajia Juni 25, 1983: uwanja wa Lord's, India, yeye akiwa nahodha, imepata mikimbio (alama) 183 tu, kisha inawatoa West Indies wote kwa 140 na kubeba Kombe la Dunia. Hana kosa. Lakini mimi nafundisha vijana kurusha mpira hapa Dar es Salaam, na sehemu ya maisha ya Kapil ninayoirudia mara kwa mara ni ile ya kabla ya kombe, tangu alipokuwa mtoto wa shule mpaka siku moja ya Februari 1981 kule Melbourne. Naiandika kwa sababu kila mwaka naletewa kijana mwenye mabega mazuri na mbio nzuri, na anayemleta ananiambia nimfundishe spini, yaani kurusha polepole mpira ukizunguka, kwa kuwa pichi zetu, ardhi ambayo mpira hudundia, "hazifai kwa kasi". India nayo iliwahi kuamini hivyohivyo, tena kwa uzito kuliko sisi.

Tuanze na huyo mtoto. Kapil alizaliwa Chandigarh Januari 6, 1959, wa sita kati ya watoto saba. Baba yake, Ram Lal Nikhanj, alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Wazazi wake walitoka upande ambao leo ni Pakistan, wakahama wakati India ilipogawanywa mwaka 1947. Chandigarh wenyewe ulikuwa mji mchanga, uliochorwa kwenye karatasi kabla ya kujengwa, na mitaa yake inaitwa sekta kwa namba. Husimuliwa kwamba timu ya Sekta 16 ilipungukiwa mtu siku moja, wakamchomoa mtoto aliyekuwa akitazama pembeni ili watimie 11. Mtoto huyo alikuwa Kapil, mwenye miaka 13.

Alisoma shule ya DAV, na mwaka 1971 akawa mwanafunzi wa kocha Desh Prem Azad. Jina hilo halitajwi sana nje ya India, na mimi naona anastahili kutajwa kila Kapil anapotajwa. Mikononi mwake alipita pia Chetan Sharma, mrushaji mwingine wa kasi aliyeichezea India. Mji mdogo, kocha mmoja, warushaji wa kasi wawili wa taifa: hiyo haiwezi kuwa bahati tupu. Chandigarh haikuwa Bombay. Bombay ilikuwa na mila nzito ya kriketi, ambamo mtoto alijifunza kupiga kwa nidhamu na kurusha spini kwa subira. Mtoto wa Chandigarh hakuwa na wazee wengi wa kumwambia lisilowezekana.

Kisha ikaja kambi ya vijana Bombay, kwenye uwanja wa Brabourne, yeye akiwa bado hajafikisha miaka 16. Vijana walikuwa wakifanya mazoezi juani siku nzima, na chakula kikaletwa: chapati mbili kavu na mboga kidogo. Kapil akalalamika. Alisema yeye ni mrushaji wa kasi na anahitaji chakula zaidi. Msimamizi wa kambi, Keki Tarapore, akacheka na kumjibu kwamba India haina warushaji wa kasi. Kapil mwenyewe amekisimulia kisa hiki mara nyingi ukubwani, na amesema maneno yale ndiyo yaliyomtia ari.

Watu hukisimulia kama kisa cha dharau. Mimi nikikisoma namwona mzee akisema alichokuwa akikiona kila siku, na hapo ndipo penye funzo la kiufundi.

Zamani warushaji hao walikuwapo. India ilipocheza Testi yake ya kwanza kabisa, yaani mechi ya siku kadhaa kati ya mataifa, Lord's mwaka 1932, Mohammad Nissar alikuwa na kasi ya kuogofya, akachukua wiketi 5, yaani aliwatoa wapigaji watano, kwa mikimbio 93 katika zamu ya kwanza, na mwenzake Amar Singh hakuwa nyuma. Baada yao chemchemi ikakauka. Kufikia miaka ya 1960 na 1970, utajiri wa India ulikuwa spini: Bedi, Prasanna, Chandrasekhar na Venkataraghavan, wanne ambao timu yoyote ingewaonea wivu. Kwa kuwa wenye kazi walikuwa hao, mpira mpya ukageuka kero ya kuondolewa haraka. Alipewa mtu arushe ova chache, kila moja mipira sita, ili ung'ao utoke, na wakati mwingine mtu huyo alikuwa mpigaji kama Sunil Gavaskar. Mpira ukishachakaa, wanaspini wanaingia.

Naomba ushike mpira wa kriketi mkononi nikuonyeshe walichokuwa wakikitupa. Ni kokwa ya koki iliyozungushiwa uzi na kuvikwa ngozi, na katikati unapita mshono ulioinuka kidogo, unaousikia kwa ncha za vidole. Weka kidole cha shahada na cha kati juu ya mshono huo, dole gumba chini. Elekeza mshono kwa mlinzi wa slipu ya kwanza, anayesimama nyuma ya mpigaji kwa pembeni, upande unaong'aa uwe kulia kwako. Ukiuachia na mshono ukabaki umesimama bila kuyumba, hewa inayopita upande wa mshono inavurugika na kuung'ang'ania mpira kwa muda mrefu kuliko ile ya upande laini. Tofauti hiyo inausukuma mpira kuelekea slipu. Mpigaji wa mkono wa kulia anauona unakuja kwenye vigingi, anainua gongo, na hapohapo mpira unamkimbia. Ukigusa ukingo wa gongo, umeishia mikononi mwa mlinzi wa wiketi au slipu.

Huo ndio mpira wa Kapil. Alikimbia kwa wepesi, akaruka, akageuka ubavu, kichwa kikichungulia juu ya mkono wa kushoto. Mwili ukipita ubavu namna ile, mkono unashuka ukiuelekeza mpira nje wenyewe, bila kulazimishwa na kifundo. Naweza kumfundisha kijana jinsi ya kushika mpira kwa dakika kumi. Kifundo cha mkono kinachouacha mshono usimame wima, hicho huchukua miaka, na huchukua mipira mipya mingi. Timu inayoufuta ung'ao kwa makusudi haiwezi kumpata mtu wa namna hiyo. Mtu hawezi kujifunza kuendesha mtumbwi nchi kavu.

Kwa hiyo nashukuru kwamba kriketi yake ya kwanza ya wakubwa ilikuwa Haryana, jimbo changa lisilo na wanaspini mashuhuri wa kumnyima mpira mpya. Novemba 1975, akiwa na miaka 16, alicheza mechi yake ya kwanza ya daraja la juu dhidi ya Punjab, akachukua wiketi 6 kwa mikimbio 39. Punjab wote walitoka kwa 63.

Miaka mitatu baadaye akaitwa timu ya taifa kwenda Pakistan. Nchi hizo mbili zilikuwa hazijakutana katika Testi tangu 1961, vita viwili vikiwa vimepita katikati. Oktoba 16, 1978, kijana wa miaka 19 ambaye wazazi wake waliihama ardhi ile aliingia uwanjani Faisalabad kuichezea India chini ya unahodha wa Bedi.

Ukitazama namba za mwanzo huo, huoni nyota. Pichi ya Faisalabad ilikuwa kama sakafu; Zaheer Abbas alipiga 176, Javed Miandad 154 bila kutolewa. India ilipoteza mfululizo ule wa mechi tatu kwa 2 kwa bila, na Kapil akarudi na wiketi 7 tu. Wanaspini wakuu ndio walioumia zaidi, na enzi yao ikaanza kufifia palepale. Lakini husimuliwa kwamba katika zile ova zake za kwanza, mpira wake mfupi uliinuka hadi kichwani kwa Sadiq Mohammad, naye akaagiza aletewe helmeti. Mpigaji anayefungua zamu kuhitaji helmeti mbele ya Mhindi! Hilo halikuwahi kuwazwa. Sadiq huyohuyo ndiye akawa wiketi yake ya kwanza. Kocha aliyekuwa akitazama helmeti ile badala ya jedwali la namba angejua tayari kuna kitu.

Kule Karachi, kwenye Testi ya tatu, upande wake wa pili ukajitokeza. Alifikisha mikimbio 50 kwa mipira 33, kasi ambayo hakuna Mhindi aliyekuwa ameifikia kwenye Testi. Hapa inafaa nieleze neno olaraunda, maana wengi hudhani ni mtu anayejua kidogo cha kila kitu. Timu ina watu 11 na nahodha lazima achague: akiongeza mrushaji, anapunguza mpigaji. Olaraunda wa kweli ni yule ambaye angechaguliwa kwa kazi moja peke yake, halafu na ile nyingine anaifanya. India ilishawahi kuwa na mmoja mkubwa, Vinoo Mankad, ambaye Lord's mwaka 1952 alipiga 72 na 184 na bado akarusha ova 97 katika mechi ileile. Ila Mankad alikuwa mwanaspini. Olaraunda anayefungua mashambulizi kwa kasi ni mnyama mwingine. Miguu inayokimbia hatua ishirini kila mpira ndiyo hiyohiyo inayotakiwa kusimama kwenye pichi saa mbili ikipiga.

Januari 1979 pale Delhi, Kapil aliyekuwa ametimiza miaka 20 mwezi uleule alipata karne yake ya kwanza ya Testi, yaani mikimbio 100 au zaidi katika zamu moja, 126 bila kutolewa, dhidi ya West Indies. Ukweli usemwe: West Indies hiyo haikuwa na majemadari wake, walikuwa wamekwenda kwenye ligi binafsi ya tajiri Kerry Packer kule Australia. Hilo halinipunguzii kitu. Ukingo wa gongo hauulizi nani anarusha, na karne hiyo aliifikia kwa kupiga sita, mpira unaovuka mpaka bila kugusa chini. Wakati huo makocha wengi wangemwambia atulie alipokaribia 100. Sijui kama mimi mwenyewe ningemwacha.

Msimu uliofuata ndio ninaowachorea vijana ubaoni. Mwishoni mwa 1979 Australia walikuja India kwa Testi sita, na Kapil akachukua wiketi 28. Mara wakaja Pakistan, Testi nyingine sita: wiketi 32. Wiketi 60 katika miezi michache, zote kwenye pichi zilezile kavu ambazo watu walisema hazifai kwa kasi. Madras, Januari 1980, aliwachukua Pakistan 4 kwa 90, akapiga 84, kisha akarudi na 7 kwa 56, na India ikashinda kwa wiketi 10 na kutwaa mfululizo. Mrushaji mwenzake wa mpira mpya, Karsan Ghavri wa mkono wa kushoto, hasahauliki hapa. Mashambulizi ya kasi ni kama kuvuna kwa wawili, mmoja anapokata mwingine anafunga. Mfululizo ulipokwisha Kolkata, Kapil alikuwa amefikisha mikimbio 1,000 na wiketi 100 katika Testi 25, akiwa na miaka 21. Hakuna mtu mdogo zaidi aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Je, pichi ziligeuka ghafla? Hazikugeuka. Ova kumi za kwanza mpira ni mpya Faisalabad na ni mpya Madras, na angani hakuna pichi. Mpira unaopinda hewani haujali udongo. Kwenye mkeka wetu juu ya zege nawaambia vijana hivyohivyo, na nawapa mpira mpya kila niwezapo, ingawa ni ghali na mara nyingi ninao mmoja kwa wiki.

Sasa Melbourne. Testi ya tatu ya mwaka 1981, India ikiwa nyuma kwa mechi moja. Australia walihitaji mikimbio 143 tu kushinda, na Kapil alikuwa ameumia paja. Siku ya nne jioni hakurusha hata mpira mmoja. Alikuwa nje akitazama. Ghavri alimtoa Greg Chappell kwa mpira wake wa kwanza, ukipita nyuma ya miguu na kubomoa vigingi, na siku ikafungwa Australia wakiwa na mikimbio 24, wamepoteza wiketi 3. Pichi ilikuwa imechoka, mpira ukiruka chini chini.

Asubuhi ya siku ya tano Kapil akapewa dawa za maumivu, akaingia. Hakujaribu kasi yake yote, mguu usingeruhusu. Alirusha moja kwa moja kwenye vigingi, urefu uleule, akiiachia pichi ile mbovu imalize kazi, na hakupumzishwa: ova 16 na mipira 4 mfululizo, wiketi 5 kwa mikimbio 28. Australia wote walitoka kwa 83, mfululizo ukaisha 1 kwa 1.

Kijana wangu mmoja, mwembamba, mwenye miaka 15, aliniuliza baada ya kusikia hayo kama Kapil alikuwa amekula nini asubuhi ile. Nikacheka, kisha nikampa mpira mpya wa wiki hiyo, nikamwambia aanze yeye.